Alerte isiyotaja kijiji haimwokoi mtu

MAONI. Kutoka kwa mwandishi wenu wa Kipese, wilaya ya Lubero, Kivu Kaskazini

Wasikilizaji wetu, na ninyi ndugu zetu wakimbizi wa vita mnaotusoma kwenye simu, leo sileti habari. Leo naleta maoni, na anayeona nimekosea anijibu, mlango wa redio uko wazi.

Jambo lenyewe ni hizi alerte zinazokata vipindi vya televisheni. Kila mnapopiga simu kwenye redio, malalamiko haya yanarudi. Watu wamekaa jioni, wanatazama mpira au filamu. Kwa ghafla ukanda mwekundu unapita chini ya kioo, au sauti inakatwa na mtangazaji anasoma komunike: wakaaji wa Lubero wanaombwa kuwa macho, watu wenye silaha wameonekana, kila mtu achukue tahadhari. Halafu mpira unarudi kana kwamba hakuna lililosemwa. Lubero wapi? Watu gani? Wameonekana leo asubuhi au juzi? Wanaelekea upande gani? Anayesikia afanye nini: afunge mlango, akimbie, asiende shambani kesho? Hakuna jibu.

Kuna viongozi wanaochukizwa na malalamiko haya. Wanasema watu wanauawa, na ninyi mnalilia mpira. Mimi nasema malalamiko yenu ni ya haki, na hayahusu mpira. Yanahusu uhai. Alerte inayomwambia kila mtu kila siku kwamba kuna hatari, bila kusema hatari iko wapi, inawachosha watu masikio. Na siku ya hatari ya kweli, masikio yaliyochoka hayasikii.

Lubero si kijiji

Tuanze na ukubwa wa nchi yetu. Wilaya ya Lubero ina zaidi ya kilomita za mraba 18,000. Ni kama theluthi mbili za nchi nzima ya Rwanda. Ndani yake kuna usultani wa Baswagha, wa Bamate na wa Batangi, na sekta ya Bapere. Kusini kuna Kanyabayonga, Kirumba na Kayna. Magharibi kuna misitu ya Bapere kuelekea Manguredjipa, ambako watu wanaogopa ADF. Mashariki kuna Ziwa Edward. Na kaskazini kuna mji wa Butembo wenye komuni zake nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Sasa mtu akisema hatari iko Lubero, amesema nini? Mtu wa Kipese anayelima viazi na kabichi milimani, na mtu wa Bapere anayelima kakao msituni, hawana adui mmoja, hawana barabara moja, hawana hata hali ya hewa moja. Kinachomlazimu wa Bapere kutoroka usiku huu si lazima kimtoe wa Kipese kitandani. Lakini wote wawili wanapewa komunike moja, maneno yale yale.

Tena jina Lubero lenyewe lina maana mbili. Kuna Lubero wilaya nzima, na kuna Lubero-centre, makao makuu ya wilaya. Beni ni vilevile: kuna Beni mji, na kuna Beni wilaya ambayo makao makuu yake ni Oicha. Jina lingine linalotisha ni Mambasa. Kuna Mambasa wilaya kubwa katika jimbo la Ituri, na kuna Mambasa kijiji kwenye barabara yetu ya kusini, karibu na Alimbongo. Mwishoni mwa mwaka 2024, vita vilipofika upande huo wa kusini, neno Mambasa lilisikika sana. Mkimbizi aliye na ndugu Alimbongo, na mfanyabiashara aliye na ndugu Ituri, wote wawili wakisikia Mambasa imeshambuliwa bila neno lingine, wote watalala macho. Mmoja kati yao anaogopa bure, na hajui kama ni yeye.

Kuongeza maneno mawili tu, Mambasa ya Lubero au Mambasa ya Ituri, kunachukua sekunde moja hewani. Sekunde hiyo inawarudishia watu wengi usingizi wao.

Jina la kijiji linapotelea wapi

Nimefanya kazi hii ya habari miaka ya kutosha kujua jinsi komunike inavyotengenezwa. Mara nyingi anayeona hatari anasema vizuri sana. Mama anatoka kuchota maji, anaona nyayo nyingi za mabuti kwenye matope karibu na kijito. Anamwambia mkuu wa kijiji: kijito fulani, asubuhi hii, wamepita wakielekea kilima kile. Hiyo ni alerte kamili. Ina mahali, ina saa, ina upande.

Kisha alerte inaanza kupanda ngazi. Mkuu wa kijiji anapigia simu kiongozi wa kundi la vijiji, na kijito kinapotea, kinabaki kijiji. Huyo anapigia ofisi ya usultani, na kijiji kinapotea, linabaki kundi la vijiji. Ofisi inaarifu wilaya, shirika la raia nalo linaarifu waandishi wa habari, na kila anayepokea anataka kutumia jina linalojulikana zaidi. Habari inapofika mjini kwenye studio ya televisheni, kilichobaki ni Lubero. Saa nayo imepotea njiani. Kilichoonekana alfajiri kinasomwa saa mbili za usiku kama kitu cha sasa hivi.

Kwa hiyo alerte inapanda ikiwa na akili, inashuka ikiwa haina. Miaka mingi MONUSCO imekuwa na mitandao ya alerte ya jamii katika sehemu hizi: mtu wa kijiji anapewa namba ya kupiga, anaita kambi iliyo karibu. Ni jambo jema, hata kama wakaaji wengi wanalalamika kwamba waliita na msaada ukachelewa. Lakini mitandao hiyo iliwekwa ili habari ipande kwenda kwa wenye magari na silaha. Ya kushuka, ya kumrudishia mwananchi habari iliyopimwa, bado tunaifanya kwa kubahatisha.

Anayeona ukanda mwekundu ni nani?

Hapa ndipo ninapowaomba wenye televisheni wanisikilize vizuri.

Televisheni inahitaji umeme. Huku milimani, mwenye sola yenye nguvu na dekoda, nyumba yake inakuwa ya mtaa mzima. Huko Butembo kuna jenereta, kuna nyumba za video ambako unalipa faranga kidogo unatazama mechi. Lakini kule msituni, au kwenye mashamba ya mbali ambako watu wanauawa na majembe mikononi, nani ana televisheni imewashwa? Huko hata simu inatafuta rezo juu ya kilima. Basi ukanda mwekundu unamfikia asiye hatarini, na aliye hatarini haumfikii kabisa. Wa mjini anakatiwa kipindi, anakasirika, anazima. Wa shambani hajui kitu, kesho asubuhi anabeba jembe lake na kwenda.

Na katika wale wanaouona, wangapi wanausoma? Ukanda umeandikwa kwa Kifaransa. Nimekaa katika nyumba kama hizo. Watoto wa mwenye nyumba na watoto wa wakimbizi wanakaa chini pamoja, wamama nyuma. Ukanda ukipita, mama mkimbizi hageukii kioo, anamgeukia mtoto wake anayesoma darasa la nne amwambie kimeandikwa nini. Mtoto anashika anachoweza: population, vigilance, Lubero. Mama amesikia Lubero, inatosha. Anasimama. Katika mji ambao kila mtu anaongea Kinande na Kiswahili, tumempa mtoto wa miaka kumi kazi ya kutafsiri vita.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Familia zilizotoka kusini tangu mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa sita, zimeumwa. Wengine wamekimbia mara mbili, mara tatu, kila mara mbele kidogo. Kwao hakuna alerte ndogo.

Na tusiseme televisheni kwao ni anasa. Kwa mtoto aliyelala miezi kwenye darasa la shule, saa moja ya mpira ni saa moja ya kuwa mtoto. Tena kioo hicho kimewahi kutusemea. Tarehe 7 Februari 2024 kule Abidjan, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, Leopards wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa mkono mmoja mdomoni, vidole vya mkono mwingine kwenye kichwa mfano wa bunduki. Tulifungwa bao moja kwa sifuri, lakini dunia iliona. Ishara ile haikuhitaji ukanda mwekundu, na kila mtu aliielewa.

Kukimbia bure kuna bei

Kuna wanaosema: hata alerte ikiwa ya uongo, hasara iko wapi? Heri kukimbia bure kuliko kufa. Maneno haya yanatoka kwa mtu asiyekimbia kwa miguu.

Mama mmoja aliyetoka kusini, anayekaa kwa familia iliyompokea, alinieleza hesabu yake. Anaishi kwa kulima shamba la watu kwa siku, analipwa jioni. Usiku wa alerte anafunga mzigo: blanketi, sufuria, kadi za watoto za kliniki. Kesho yake hawezi kwenda kulima, anangoja kuona kama ni kweli. Siku hiyo hakuna faranga, kwa hiyo hakuna unga. Ikiwa amefikia kutoka, basi kuna pesa ya pikipiki, ambayo usiku wa hofu inapanda mara mbili. Kuna vizuizi barabarani. Kuna mvua na baridi yetu ya milimani kwa mtoto mgongoni. Na akirudi, anaweza kukuta mlango umevunjwa na kuku hawapo, maana wezi nao husikiliza alerte.

Baba mmoja jirani yake amefanya hesabu nyingine. Yeye hasimami tena. Akiona ukanda, anageuza uso, anasema ni mambo yao. Watu wawili hawa wamefanyiwa kosa moja. Mmoja anakimbia kila mara, mwingine hakimbii tena. Siku ADF watakapofika kweli, au siku mapigano yatakapokaribia kweli, wa kwanza atakuwa amechoka na hana faranga ya njia, na wa pili atakuwa kitandani. Sote tulisoma shuleni hadithi ya mchungaji aliyelia chui mpaka watu wakaacha kuja. Tofauti ni kwamba kwetu chui yupo kweli. Watu wa wilaya hii wameuawa kwa wingi, hata wakiwa kwenye kilio cha msiba, kama kule Ntoyo mwezi wa tisa 2025. Ndiyo maana neno alerte halipaswi kuchezewa.

Goma 2021: somo la pande mbili

Tumewahi kuona katika jimbo letu jinsi alerte inavyokosekana, na jinsi inavyoweza kutolewa vizuri zaidi, mambo yote mawili ndani ya wiki moja.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Watu wa Goma hawakuwa wameonywa. Waliona anga limekuwa jekundu, wakakimbia kila mmoja na njia yake, wengi kuelekea Rwanda. Zaidi ya watu 30 walikufa, na baadhi yao hawakuuawa na lava, walikufa kwenye ajali za barabarani wakikimbia. UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitengana na wazazi wao. Hiyo ndiyo sura ya watu kukimbia bila kujua wapi.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba sehemu ya mji inapaswa kuhamishwa, kwa sababu wataalamu waliogopa mlipuko mwingine. Hakusema watu wa Goma wawe macho. Alitaja kartie kumi kati ya kumi na nane za mji, kila moja kwa jina lake, akataja na njia ya kufuata kuelekea Sake. Mtu wa Majengo alijua anahusika. Mtu wa kartie ambayo haikutajwa alijua hakutajwa.

Sisemi mambo yalikwenda sawa. Watu karibu 400,000 waliondoka, wakiwemo ambao kartie zao hazikutajwa, na huko Sake maji na makao havikutosha. Mlipuko wa pili haukutokea, na mwezi wa sita watu wakaruhusiwa kurudi kwa awamu. Lakini angalieni tofauti. Siku ya kwanza kila mtu alijipangia. Siku ya pili mtu aliweza kuuliza: kartie yangu imo? Swali hilo moja linampa mtu nafasi ya kufikiri, na mtu anayefikiri hamsahau mtoto barabarani.

Kama iliwezekana Goma kutaja kartie kumi, inashindikanaje Butembo kutaja selile moja, au Lubero kutaja vijiji vitatu?

Hata matajiri wanakosea

Tusidhani ni udhaifu wa Kongo peke yake. Huko Marekani, kwa miaka mingi onyo la dhoruba lilitolewa kwa wilaya nzima, hata kama wingu liko kona moja tu. Watu walichoka, na mwaka 2007 idara yao ya hali ya hewa ikaanza kuchora eneo halisi la hatari kwenye ramani badala ya kufuata mipaka ya utawala. Hata hivyo televisheni huko bado hukatwa kwa wilaya, na watu bado wanalalamika kama ninyi.

Na tarehe 13 Januari 2018, kwenye visiwa vya Hawaii, simu na televisheni zilipokea ujumbe kwamba kombora linakuja, watu watafute pa kujificha, na kwamba hayo si mazoezi. Ilikuwa uongo wa bahati mbaya, mfanyakazi mmoja aliutuma akidhani ni kweli. Wakuu walijua mapema kwamba hakuna kombora, lakini zilipita dakika 38 mpaka simu zilipopokea ujumbe wa kufuta. Sababu moja ilikuwa hii: walikuwa wametayarisha maneno ya kutisha watu, hawakuwa wametayarisha maneno ya kuwatuliza.

Sisi je, tumewahi kusikia komunike ya kumaliza alerte? Mimi naweza kuzihesabu kwa vidole. Alerte kwetu inafunguliwa, haifungwi. Inabaki hewani kama moshi, mpaka ifunikwe na nyingine.

Tunajua kufanya vizuri, tulishafanya

Mtu asiniambie kwamba kutaja mahali halisi kunahitaji mashine za Wazungu. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa kule Mangina mpaka tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kuisha, watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika sehemu zetu za Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Neno alerte lilikuwa kinywani mwa kila mtu. Lakini ilikuwa alerte ya aina gani? Simu ikilia, swali la kwanza lilikuwa: zone gani ya afya, eneo gani la afya, kijiji gani, nyumba ya nani? Timu ilikwenda kuangalia. Kisha alerte ilithibitishwa au ilifutwa. Hakuna aliyetangaza kwamba Kivu Kaskazini yote ina homa.

Kulikuwa na uvumi, kulikuwa na ghasia, kulikuwa na watu waliokataa kuamini, sitaki kupamba. Lakini mfumo ule ulikuwa na mahali, ulikuwa na uchunguzi, na ulikuwa na jibu. Wahudumu wa jamii waliofanya kazi ile bado wapo, wengine ni majirani zenu. Ramani za maeneo ya afya bado zipo. Kwa nini ugonjwa upate alerte yenye anwani, na bunduki ipate alerte isiyo na anwani?

Hoja za wanaopinga

Nimesikia hoja tatu.

Ya kwanza: kutaja kijiji kunampa adui habari. Hapana. Adui anajua alipo. Sisemi tutangaze askari wako wapi au wanatumia njia gani, hilo ni hatari na sheria inakataza. Nasema tumtajie raia mahali asipopaswa kwenda leo. Hiyo si siri ya jeshi.

Ya pili: kuthibitisha kunachukua muda, na watu watakufa tukingoja. Basi semeni kile mnachokijua, na mseme kiasi mnachokijua. Habari ambayo haijathibitishwa inaweza kusemwa kama habari ambayo haijathibitishwa, ikitaja kijiji na saa. Lisilofaa ni kuficha kutojua kwetu nyuma ya jina kubwa kama Lubero.

Ya tatu: ukitaja kijiji kimoja, jirani watadhani wako salama, na hatari inaweza kusogea. Hoja hii ina uzito, sikatai. Jibu lake ni kutaja pande. Waambieni wa kijiji kile waondoke, waambieni wa vijiji vitatu vinavyofuata kwenye njia ile wakae tayari na wasiende mashamba ya mbali, na waambieni wengine waendelee na kazi wakisubiri habari ya saa fulani. Hizo ni sentensi tatu, na kila mtu amejua nafasi yake.

Tunachoomba

Kwa viongozi wa wilaya na wa miji, kwa vyombo vya usalama, kwa shirika la raia, na kwa wenzangu wa redio na televisheni, naweka haya mezani.

Moja: komunike yoyote ya usalama ijibu maswali sita kabla ya kusomwa. Wapi, kwa jina la kijiji au selile, na wilaya yake ikiwa jina linafanana na lingine. Lini, kwa saa. Nani anahusika, na nani hahusiki. Afanye nini. Apite wapi. Habari imetoka kwa nani. Isiyojibu angalau wapi, lini na afanye nini irudishwe kwa aliyeileta, aulizwe tena. Simu moja ya dakika mbili inatosha.

Mbili: isemwe kwa Kiswahili na kwa Kinande kwanza, Kifaransa baadaye. Na isemwe kwa sauti, si kwa maandishi peke yake, maana mama wengi wanaosikiliza hawasomi.

Tatu: televisheni ya mjini isikatwe kwa hatari ya kijiji kisichoiona televisheni hiyo. Habari ile ina nafasi yake kwenye taarifa ya habari. Ukanda mwekundu ubaki kwa ajili ya hatari inayowahusu wanaotazama. Wakiuona mara chache, watausimamia.

Nne: kijiji kiwe na njia yake. Kengele ya kanisa, firimbi, ngoma, megafoni ya mkuu wa kijiji, wamotari wanaopita kila njia, na redio ndogo ya mawe mawili ambayo hata shambani mtu anaitundika kwenye mti. Vitu hivi havihitaji dekoda. Vinahitaji watu wakubaliane mapema: kengele ya namna hii ni ya misa, ya namna hii ni ya hatari.

Tano: kila alerte ifungwe. Aliyeifungua aseme saa atakayorudi hewani, na arudi, hata kama ni kusema hakuna jipya. Ikiwa ilikuwa uongo, isemwe wazi ilikuwa uongo.

Sita: wakimbizi wasisahauliwe. Hawajui majina ya vilima vyetu. Ukimwambia mtu wa Kayna kwamba hatari iko ng'ambo ya mto fulani, hajui kama mto huo uko karibu au mbali. Familia zinazowapokea na kamati za wakimbizi wapewe habari moja kwa moja, na mtu wa kuwaelezea.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza mpango wa kila mtu duniani kupata onyo la mapema ifikapo mwaka 2027. Vizuri. Siku kampuni za simu zitakapoweza kutuma ujumbe kwa kila simu iliyo chini ya mnara mmoja tu, tutashukuru. Lakini mashine hiyo nayo itauliza swali lile lile: ni mnara gani? Tusipojifunza leo kutaja kijiji kwa mdomo, kesho tutatuma Lubero kwa mashine, na tutatisha watu wengi zaidi kwa haraka zaidi.

Na ninyi wasikilizaji mna kazi. Ukisikia alerte isiyotaja mahali, usiisambaze kwenye vikundi vya WhatsApp kabla hujauliza. Muulize mkuu wa kijiji, tuulize sisi. Na wewe unayeona kitu, mama wa kijitoni, mchunga ng'ombe, motari, endelea kusema kama unavyosema: kijito kile, asubuhi hii, wameelekea kule. Maneno yako ndiyo alerte bora tuliyonayo. Kazi yetu sisi wengine, kuanzia ofisi mpaka studio, ni kuyafikisha yalivyo, na jina la kijito likiwa ndani yake.